Mioyo ya Pweza

Tuliiita Ulizia.
Jina lilimkosesha Mkunde usingizi wa wiki nzima,
na nembo, kidole kinachobisha hodi,
ilimla Elinami ng'ombe mmoja wa mahari.
Ndivyo alivyosema mama yake. Tulidhani ni mzaha.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vipuri vya cherehani,
Kiusa, hapa Moshi, ngazi kumi na tisa,
choo tukichangia na fundi saa.
Mtu angeuliza lolote kwa simu,
mjuzi angejibu, shilingi mia mbili zingekatwa.
Zidisha mia mbili kwa kila mwenye simu kaskazini:
unapata nyumba Shanty Town
na gari la kupandia nalo Marangu wakati wa Krismasi.

Na watu waliuliza. Nisisingizie watu.
Maswali elfu tisa na mia nne.
Mbuni ukinyauka upande mmoja tu, nifanyeje?
Pweza ana mioyo mingapi?
Mke akikuita "mwenzangu" mara tatu kwa siku, kuna nini?
Wakajibiwa, wakashukuru, wakamwombea mjuzi baraka,
wakaondoka bila kulipa
kama watu waliotoka kula msibani.

Seva ililala ng'ambo mwezi mzima
na kila tarehe mosi iliamka ikidai dola.
Yule tajiri wa Nairobi aliyesema "tuzungumze Jumatatu"
hakutaja Jumatatu ya mwaka gani.
Elinami akapata kazi Dodoma,
ya serikali, yenye likizo.
Alituaga kwenye ngazi, ya kumi na moja au ya kumi na mbili,
akiwa ameshika feni yake.

Meza tulimuuzia mwenye saluni.
Printa aliikataa.

Jioni hiyo tulikwenda kwa Mama Ndeshi, Majengo,
kunywa zile hela za meza.
Dakika ya thelathini na moja, mpira ukiwa kwenye kona,
umeme ukakatika.
Baa nzima iliguna kwa sauti moja.
Mkunde, bila kuombwa na mtu,
akafungua kompyuta, chaji asilimia kumi na nane,
uso wake ukawa ndio taa pekee,
akasoma kwa sauti: Pweza ana mioyo mingapi?

Kimya.
"Mmoja, kama wewe," akasema dereva wa bodaboda.
"Miwili," meza ya manesi.
"Mitatu!" Ilitoka jikoni. Anaeli, mchoma ndizi,
koleo mkononi, moshi machoni.
Mkunde akasoma jibu, la mwanafunzi mmoja wa Machame
ambaye hatukuwahi kumlipa:
mitatu, na akiogelea, mmoja husimama.

Wakataka jingine. Kisha jingine.
Manesi wakajiunga na mafundi bomba, wakajiita Dripu.
Saa tatu na nusu umeme ukarudi,
televisheni ikapiga kelele,
na mtu, hadi leo sijui nani, akasema:
"Hebu zima hiyo."

Sasa ni kila Alhamisi, na baa sita zinatugombania.
Elfu mbili kwa kichwa, unalipa kabla hujaketi,
hilo angalau tulijifunza.
Spika tunakodi kwa kwaya ya Kiboriloni.
Zawadi ni mchele, kilo kumi, na maneno ya kutambia wiki nzima.
Kalamu hazirudi.
Ile printa inakohoa karatasi za majibu.
Wakili mmoja alisimama juu ya kiti
akidai nusu alama kwa kuandika Siha
tulipouliza wilaya yenye herufi tatu.
Hatutoi nusu alama. Imeandikwa ukutani.

Desemba Elinami alikuja, kitambi kichanga,
akaketi na binamu zake karibu na mlango.
Nilisoma swali la pweza. Sikulipanga,
au nililipanga.
Alizungusha chupa muda mrefu,
yeye aliyeingiza jibu lile kwa vidole vyake,
kisha akaandika: miwili.

Nikamkosesha.
Mkunde akaichukua karatasi mkononi mwangu,
akaitazama mpaka watu wakaanza kupiga meza,
akampa nusu.